Salfa

Felista, kaza kitambaa puani,
kifunge nyuma ya masikio, hivyo.
Saa kumi na moja, upepo bado umelala,
umande uko juu ya maua, unga utashika.
Jua likipanda tutakuwa tunaipulizia Newala yote
isipokuwa mikorosho yetu.

Usiku sikukuuliza.
Nilikusikia ukijigeuza
kama mtu anayetafuta kwenye mkeka
upande usio na miba.

Najua ni lile daftari.
Ijumaa, kwenye mkesha, Mtumishi alisoma majina na kilo pembeni:
Mzee Ausi, kumi na mbili.
Mama Tekla, tano, na za mwaka juzi.
Alipofika kwako akanyamaza,
akalifunga, akasema polepole
kwamba mtoto hafi bure,
kwamba kilo nane ulizobakiza
Mungu alizipima kwa mzani mwingine.

Mzani mwingine!
Mwanangu, nimeuza korosho misimu thelathini na moja.
Wenye mzani mwingine nawajua,
wanakuja usiku na bakuli,
na jina lao ni kangomba.
Sijawahi kumfananisha Mungu nao.

Halafu akataja ziwa la moto na kiberiti,
na kanisa zima likashika kichwa.
Hebu sogea. Tia mkono humu mfukoni.
Kiberiti chenyewe ndicho hiki,
njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Kinawasha macho, ndiyo. Kinaingia kwenye kucha
na kukaa humo hadi Krismasi.
Nimekivuta kifuani kuliko mhubiri yeyote,
na kazi yake naijua:
ubwiri unga ukilishika jani
likajikunja kama kiganja cha mgonjwa,
tunakuja na hiki, gizani, tunalifungua.
Aliyekifanya dawa ya jani
atakigeuza fimbo kwa ajili yako,
akusubiri nacho mlangoni
kwa kilo nane?

Sisemi hakuna moto. Sijafika huko.
Nasema tu aliyekusimulia naye hajafika.

Wanawapeleka watoto pale Shimo la Mungu,
wanawasimamisha ukingoni, wanawaambia
mlango wenyewe ndio ule, chini kule kwenye ukungu.
Mama yangu aliuteremka mlango huo saa nane za usiku,
mtungi kichwani, kabla bomba halijatufikia.
Alirudi na maji.
Siku moja aliteleza, mtungi ukapasuka,
akakaa juu ya jiwe akalia mpaka akachoka,
akaazima ndoo, akateremka tena.
Dini niliyorithi ni hiyo.
Zaburi nilijifunza baadaye, nazipenda,
lakini nazisoma nikiwa na kiu yake.

Mtoto wako aliitwa nani?
Tangu Machi hujalitamka.
Litaje. Hapa hamna daftari.

Nilikuwa nimeshavuta kamba, mashine ikanguruma.
Niliona kitambaa kikitikisika mdomoni mwake.
Sikusikia vizuri.
Sikumwomba arudie, halikuwa la kwangu.

Saa tatu akaja mtoto na kikaratasi:
Mtumishi ana mikorosho kumi na minne nyuma ya kanisa,
maua yameanza kuwa meupe,
anaomba tumpitie kesho, kabla ya upepo.

Tulikwenda. Mama Tekla alinikasirikia,
akasema ningeacha imwozee.
Mti haujamhubiria mtu, nikamjibu.

Alisimama mbali, leso puani, anakohoa.
Wingu la njano likaushukia ukuta wa kanisa,
likapita dirishani, likakaa kwenye mabenchi.
Mashine alibeba Felista.
Usiku ule pia hakulala, nilimsikia,
ila kwenye mti wa mwisho aligeuka,
macho mekundu, kope zote njano,
akapaza sauti juu ya ule mngurumo:
"Usiogope, Mtumishi. Ni dawa tu."

Hela ya petroli hajatulipa mpaka leo.
Sikuiandika popote.